Ruksa ilianzia ufukweni

Watanzania wakisimuliana jinsi nchi ilivyotoka kwenye dhiki ya miaka ya themanini, jina linalotajwa kwanza ni la Ali Hassan Mwinyi, Mzee Ruksa. Aliingia Ikulu Novemba 1985, mwaka uliofuata akapatana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na maduka yakaanza kujaa. Ni kweli, ila ni kipande tu cha ukweli. Waliokuwa watu wazima wakati ule katika mwambao wa Bagamoyo wana kipande kingine, chenye foleni, muhogo na majahazi, na hicho hakijapewa nafasi yake.

Chanzo cha dhiki kinajulikana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977 na mpaka na Kenya ukafungwa. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera. Vita vilipokwisha mwaka 1979 hazina ilikuwa imekauka, na bei ya mafuta duniani ilikuwa inapaa. Mwalimu Nyerere akawaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Wapo wanaosema hadi leo, kwa kicheko kisicho na furaha sana, kwamba ile miezi haikuisha.

Mwambao ulikuwa na jeraha lake la ziada. Korosho, zao lililowapa wakulima wa Pwani na Kusini fedha za kanga na ada, lilikuwa linaporomoka. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani 145,000 hivi. Kufikia 1986/87 mavuno hayakufika tani 20,000. Operesheni ya vijiji iliwahamisha watu mbali na mikorosho yao, bei ya mkulima ilikuwa ndogo, ukaja na ugonjwa wa ubwiriunga.

Kila aliyepitia miaka ile ana kisa cha foleni. Mtu aliweka jiwe mbele ya duka alfajiri kushika nafasi, akarudi nyumbani kujilaza. Wengine walipanga mstari kwanza, ndipo wakauliza kinachouzwa. Sukari, sabuni, unga na kitenge vilipitia kampuni za biashara za mikoa, zile RTC, na mwenye kimemo kutoka kwa mkubwa hakusimama juani. Nguo zilifuliwa kwa majani ya mpapai. Miguuni zilivaliwa katambuga za tairi. Mahindi ya msaada kutoka Marekani yalikuwa ya njano, na unga wake ukabatizwa yanga, jina ambalo mashabiki wa Simba walilimeza pamoja na ugali wenyewe.

Hapo ndipo mwambao ulipoachana na Dar es Salaam. Mfanyakazi wa mjini alitegemea mshahara ambao kila mwaka ulinunua kidogo kuliko mwaka uliotangulia. Mtu wa Kaole au Mlingotini alikuwa na muhogo shambani, nazi juu ya mnazi na samaki majini. Hakuwa tajiri, na nyavu na ndoana zilikuwa adimu. Lakini tui lilikuwepo hata mafuta ya kupikia yalipokosekana mjini, na jahazi halikuhitaji dizeli. Malori yalipolala kwa kukosa tairi, matanga yaliendelea kusafiri.

Kutoka Bagamoyo hadi Unguja ni kilomita 45 hivi za maji. Kwa karne nyingi watu wamevuka kwenda kuuza, kuoa na kuzika. Serikali ilipoamua kwamba kila mche wa sabuni lazima upite kwenye ghala lake, safari hizo hizo zikapata jina jipya: magendo. Machi 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine alianzisha msako wa wahujumu uchumi. Zaidi ya watu elfu moja walikamatwa, na sheria ikawanyima washtakiwa dhamana na wakili. Kwa hofu, watu walitupa bidhaa vichakani na baharini, bidhaa zilezile ambazo majirani zao walikuwa wanazipangia foleni.

Sokoine bado anapendwa, na kwa sababu. Walanguzi walikuwepo kweli, na waliwaumiza wanyonge kwa bei za kuruka. Kosa la msako lilikuwa kumweka mwenye ghala la siri na mama mwenye vipande vinne vya sabuni kwenye kapu moja. Mama huyo, pamoja na wauza maandazi, wachoma samaki na mama lishe, ndiye aliyekuwa analisha familia ambazo mshahara ulikuwa hauzitoshi.

Serikali yenyewe ilikuja kukiri, bila kusema hivyo. Sokoine alifariki ajalini tarehe 12 Aprili 1984. Miezi miwili baadaye, Waziri wa Fedha Cleopa Msuya alisoma bajeti iliyomruhusu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa alizipata wapi. Nyerere alikuwa bado Rais, na Mwinyi alikuwa Zanzibar. Bajeti hiyo ilihalalisha sehemu ya yale yaliyokuwa yakifanyika usiku.

Haya yana uzito leo, kwa sababu kila viongozi wanapozungumzia bandari bubu za mwambao huu, lugha inayotumika ni ya 1983. Kodi inapotea, ni kweli, na dawa za kulevya hazina utetezi. Lakini sera inayoanza na doria kabla ya kuuliza kwa nini mchele na mafuta ya kula yanavushwa usiku itaishia kumkamata nahodha na kuiacha tofauti ya bei na ushuru ilipokuwa.

Mji wa Bagamoyo unawaonyesha wageni Caravan Serai na misheni ya mwaka 1868. Ungeweza pia kuwarekodi wazee wa Dunda na Magomeni. Chuo cha Sanaa, ambacho sasa ni TaSUBa, kilianzishwa hapo mwaka 1981, katikati ya dhiki yenyewe, na wanafunzi wake wangeifanya kazi hiyo vizuri. Aliyekuwa na miaka 20 wakati huo amekwishapita 60. Aulizwe sabuni iliuzwa shilingi ngapi gizani, nani alikuwa na jahazi, na mgambo alipewa nini ili aangalie upande mwingine.