Kliniki ya presha ituulize pia tunavyolala

Ndugu yangu, nyumbani kwenu nani anakoroma mpaka jirani anasikia? Najua umecheka. Sote hucheka. Lakini kuna yule anayekoroma, ghafla kimya, halafu anashtuka kama aliyekabwa. Hapo pumzi ilikatika. Koo limelegea, njia ya hewa imeziba, ubongo ukamshtua avute hewa. Usiku mmoja inaweza kujirudia mara nyingi na mwenyewe asijue. Madaktari huuita apnia ya usingizi. Mtu huyu anashinda amechoka, presha yake inasumbua hata na dawa, na akishika usukani wa matatu anasinzia na abiria nyuma yake.

Kumshuku mgonjwa huyu hakuhitaji mashine. Mwaka 2008 Daktari Frances Chung na wenzake wa Toronto, Kanada, walichapisha maswali ya wagonjwa wanaokwenda kupasuliwa. Yanaitwa STOP-Bang. Jijibu sasa hivi, kila "ndiyo" ni alama moja:

1. Unakoroma kwa sauti, hata mlango ukifungwa unasikika?
2. Mchana unashinda umechoka au na usingizi?
3. Kuna mtu amekuona ukikatika pumzi usingizini?
4. Una presha, ama unameza dawa zake?
5. BMI yako, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, imezidi 35?
6. Umepita miaka 50?
7. Shingo imezidi sentimita 40?
8. Wewe ni mwanamume?

Alama 0 hadi 2, hatari ni ndogo. 3 au 4, ya kati. 5 kwenda juu, kubwa.

Sasa usikimbilie kusema una ugonjwa. Mzee wa miaka 55 mwenye presha ashafika 3 kabla hata hajaulizwa kama anakoroma! Maswali haya yanaonyesha nani apimwe, si nani mgonjwa. Jibu kamili linatoka kwenye kipimo cha usingizi. Na dada zetu, nyinyi mnaanza na alama moja pungufu. Ukiambiwa pumzi yako inakatika usiku, mwone daktari hata kama alama ni chache.

Hoja yangu ni hii. Kliniki ya presha unapimwa mkono, unapewa tembe, unarudi nyumbani. Mara ngapi umeulizwa unalalaje? Maswali nane ni dakika chache, karatasi, mizani na tepu ya fundi wa nguo. Ndiyo, kipimo chenyewe ni ghali na hakipatikani kila mahali. Si ndiyo sababu zaidi ya kujua kwanza nani anakihitaji?

Kwa hivyo ukienda kliniki, usingoje kuulizwa. Nenda na majibu yako. Na swali la tatu usijijibu mwenyewe, kwani ulikuwa umelala. Muulize mkeo, mumeo, ama ndugu mnayelala chumba kimoja. Na yeye akikwambia, usimkasirikie.