MWIMBAJI NAYE NI MWALIMU

Mgeni mwenye cheo afikapo Wasso, wilayani Ngorongoro, huimbiwa. Vijana wa Kimasai huruka, kina mama huitikia, na kiongozi wa wimbo, ambaye Wamasai humwita olaranyani, hutunga papo hapo maneno ya kumfaa mgeni. Hotuba zikiisha, waimbaji huambiwa ahsante, wakaenda zao.

Sisi twaona kwamba hapo twapoteza mali. Kiongozi huyo ajua habari za marika, za malisho na za miaka ya ukame, tena ajua kupanga sauti za watu wengi pasipo ngoma wala zeze. Mtu wa namna hiyo ni msomi. Kilichopungua ni darasa la kufundishia.

Wako watakaosema kwamba kuimba ni mchezo na elimu ni jambo jingine. Hao twawajibu kwa mfano wa marehemu Hukwe Zawose. Alizaliwa Ugogoni, Mkoa wa Dodoma, akachunga ng'ombe kama wachungavyo watoto wa Wasso, na muziki akafunzwa na baba yake. Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam apate kulitumikia Taifa kwa sauti yake. Baadaye alifundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho leo huitwa TaSUBa.

Ualimu haukumzuia kutunga. Alishika zeze na ilimba, akaimba kwa Kigogo na Kiswahili bila kufuata mtindo wa madansi ya mjini. Albamu zake, Chibite ya 1996 na Mkuki wa Rocho ya 2002, zilitolewa Uingereza na kampuni ya Real World. Alifariki Desemba 2003, lakini kazi yake haikuzikwa naye. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah walitoa albamu yao, Maisha. Wanawake hao waliokuwa wakiitikia nyuma ya wanaume sasa wametangulia mbele.

Kipaji peke yake kisingaleta hayo. Zawose alipewa mahali pa kufundishia, akapewa na wanafunzi. Wamasai wa Wasso na jirani zao Wabatemi wa Samunge hawakunyimwa vipaji. Wamenyimwa nafasi hiyo.

Kwa hiyo twaiomba Halmashauri ya Wilaya ya Ngorongoro, pamoja na walimu wakuu wa shule za Wasso, watenge walau saa moja kila juma. Waimbaji wazee, wanaume kwa wanawake, waalikwe kufundisha, na walipwe kama alipwavyo mtu yeyote afanyaye kazi. Wanafunzi waandike kila wimbo, jina la mtungaji, na sababu ya kutungwa kwake. Na daftari hilo litunzwe shuleni. Nyimbo ambazo wazee watasema si za watoto ziachwe kwa wenyewe.

Jambo hili halihitaji jengo jipya wala fedha nyingi. Lahitaji viongozi wanaoamini kwamba ujuzi wa raia asiye na cheti ni ujuzi pia. Wazee hao hawatatungoja, na kila anayezikwa kabla ya kuulizwa huondoka na nyimbo ambazo hakuna mwingine azijuaye. Na waalikwe muhula huu.