Makombe si ushahidi wa wema wa shule

Ndugu Mhariri,

Nina dukuduku juu ya jambo ambalo wazazi na walimu wengi tunalifumbia macho.

Hivi karibuni nilihudhuria mkutano wa wazazi katika shule anayosoma mjukuu wangu. Shule yenyewe sitaitaja, kwani nia yangu si kumchongea mtu. Mjukuu wangu alirudi nyumbani analia kwa sababu alivalishwa kibao shingoni mchana kutwa. Kosa lake ni kwamba alisema Kiswahili wakati wa mapumziko. Niliposimama kuuliza, mwalimu mkuu alinyoosha kidole kwenye kabati la vioo akasema, "Mzee, shule inayoleta makombe kama haya inaweza kuwa mbaya?" Wazazi wakapiga makofi. Mimi nikaketi.

Sikuketi kwa kuishiwa hoja. Niliikumbuka timu moja ya Marekani ambayo nilikuwa nikiwasimulia wanafunzi wangu habari zake nilipokuwa nafundisha historia. Naomba niwasimulie na wasomaji wa gazeti hili.

Mwaka 1879 ofisa mmoja wa jeshi, Richard Henry Pratt, alifungua shule ya bweni katika kambi ya zamani ya askari mjini Carlisle, jimbo la Pennsylvania. Wanafunzi walikuwa watoto wa wenyeji wa asili wa Marekani, wale ambao vitabu vyetu vya zamani viliwaita Wahindi Wekundu. Walisafirishwa mbali na wazazi wao. Walipofika walinyolewa nywele, wakavikwa sare za kijeshi, wakapewa majina ya Kizungu na kukatazwa kusema lugha za kwao. Shabaha ilitangazwa waziwazi: mtoto aingie mwenyeji, atoke Mzungu.

Shule hiyo ilikuwa na timu ya mpira. Si kandanda yetu, bali ule mchezo wa Kimarekani wa kukimbia na mpira mikononi huku watu wakikumbana. Siku hizo mchezo ulikuwa bado mchanga na wa hatari. Vijana kadhaa walikufa viwanjani katika mwaka 1905, na hapo ndipo sheria zilipobadilishwa, na kuanzia mwaka 1906 mchezaji akaruhusiwa kurusha mpira mbele. Vijana wa Carlisle wengi walikuwa wepesi wa umbo kuliko wapinzani wao, kwa hiyo walitegemea mbio, ujanja na mipango. Mwalimu wao wa mpira alikuwa Glenn Warner.

Msimu wa mwaka 1911 ndio uliowatangaza zaidi. Mechi nyingi walicheza ugenini, wakisafiri kwa treni kutoka mji hadi mji. Waliifunga Pittsburgh 17 kwa 0. Waliifunga Pennsylvania 16 kwa 0. Tarehe 11 Novemba wakaingia uwanja wa Harvard, chuo kilichoanzishwa mwaka 1636 na ambacho watoto wa wakubwa wa nchi hiyo walisoma. Mwalimu wa Harvard aliwadharau, akaanza na wachezaji wake wa akiba. Jim Thorpe, kijana wa kabila la Sac na Fox, alicheza mguu wake ukiwa umefungwa bandeji kwa maumivu. Kwa mguu alioutegemea siku ile alipiga mateke manne yaliyopita katikati ya nguzo, kila moja likiwa na pointi tatu. Mchezo ukaisha Carlisle 18, Harvard 15.

Wiki iliyofuata walifungwa na Syracuse 12 kwa 11, tofauti ya pointi moja tu. Hiyo ndiyo mechi pekee waliyopoteza. Katika michezo 12 walishinda 11.

Sasa nauliza, Ndugu Mhariri: ushindi ule ulithibitisha nini? Wakubwa wa shule walikuwa na jibu tayari. Timu ilikuwa tangazo lao. Mtu akisoma gazeti kwamba Carlisle imeishinda Harvard, angeona kwamba shule ile inafanya kazi njema. Nani angeuliza habari za bweni?

Waliouliza ni wanafunzi wenyewe. Mmoja wa waliokuwa mbele kupeleka malalamiko ni Gus Welch, kijana aliyekuwa akiongoza mashambulizi ya timu uwanjani. Mwaka 1914 kamati ya Bunge la Marekani ilifika shuleni kuchunguza. Ilisikia habari za watoto kupigwa na ikahoji matumizi ya fedha za mfuko wa michezo. Wachezaji walioiletea shule sifa ndio waliosema kwamba shule ina ubovu.

Umaarufu haukuwalinda hata wao. Thorpe alipata medali mbili za dhahabu katika Michezo ya Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912. Mwaka uliofuata alinyang'anywa kwa kuwa aliwahi kulipwa ujira mdogo katika mchezo wa besiboli. Alifariki mwaka 1953. Haki yake ya kutambuliwa kuwa mshindi pekee ilikamilika mwaka 2022.

Carlisle ilifungwa mwaka 1918. Ilibaki na makaburi zaidi ya mia moja ya watoto ambao hawakurudi makwao. Tangu mwaka 2017 jeshi la nchi hiyo limekuwa likifukua mabaki na kuyakabidhi kwa jamaa zao. Oktoba 2024 Rais wa Marekani, Joe Biden, aliomba radhi kwa niaba ya taifa lake kwa shule za aina hiyo.

Sisemi kwamba mpira ulikuwa mbaya. Vijana wale waliupenda na walijivunia. Lakini ushindi ulikuwa wao, si wa kambi iliyowanyang'anya majina. Mtoto anaweza kushinda akiwa katika shule mbaya, kama mche unavyoweza kuota juu ya mwamba. Hatuusifu mwamba kwa hilo.

Wala sisemi kwamba shule ya mjukuu wangu ni Carlisle. Hakuna aliyemteka, na jioni anarudi kwetu. Lakini kibao kile kinatoka katika kasumba ileile: kumfundisha mtoto kuonea haya lugha ya mama yake, kisha kutuonyesha kombe ili tunyamaze.

Nashauri mambo mawili. Kwanza, wathibiti ubora wa shule wanapokagua waongee na watoto kabla ya kuonyeshwa kabati la makombe. Pili, sisi wazazi tuache kupiga makofi kabla ya swali kujibiwa. Kiingereza kifundishwe, na kifundishwe vizuri, bila kumtundika mtoto kibao kama mwizi wa kuku.

Wazee walisema mwacha asili ni mtumwa. Mjukuu wangu hakuiacha asili yake. Anavuliwa, nasi tunaangalia. Katika mkutano ujao nitasimama tena, na safari hii sitaketi mpaka nijibiwe.

Mwalimu Mstaafu,
Morogoro.