Je, Elimu ya Chembe za Umeme si Yetu?

Wako watu, hata miongoni mwetu sisi walimu, wasemao ya kuwa elimu ya mitambo ikimbizayo chembe za umeme ni anasa ya mataifa yenye mali, wala haifai kumpotezea mtoto wa shamba saa zake. Neno hili twaliona kuwa la hatari, nasi twalikataa.

Kwanza, asili ya elimu hiyo si ngumu. Chembe yenye umeme husukumwa kwa nguvu ya umeme, na hupindishwa kwa sumaku. Sumaku haiiongezei mwendo, yaigeuza njia tu. Mwaka 1931, huko Berkeley, Marekani, Ernest Lawrence na mwanafunzi wake Stanley Livingston waliunda chombo kisichozidi kiganja kwa upana. Sumaku ilizizungusha chembe, na katika kila mzunguko umeme ukazisukuma tena. Msukumo mmoja haukufika volti 2,000, walakini mwisho chembe zilipata nguvu ya volti 80,000. Haba na haba hujaza kibaba. Mtoto ajuaye kusukuma pembea aweza kulifahamu jambo hili.

Pili, elimu haichagui mtu. Taabu kubwa ya mitambo hiyo ilikuwa chembe kutawanyika njiani. Aliyetangulia kuona dawa yake hakuwa profesa, bali Nicholas Christofilos, fundi wa lifti huko Athens, Ugiriki, aliyejisomea fizikia mwenyewe. Aliona ya kuwa sumaku zikipangwa kwa zamu, moja ikiubana mkondo wa chembe ubavuni na kuulegeza juu na chini, na ya pili ikifanya kinyume, mwisho mkondo hubanika pande zote. Mwaka 1950 aliwapelekea wataalamu wa Berkeley habari hiyo, wasiitie maanani. Mwaka 1952 wataalamu wa Brookhaven wakalivumbua jambo lile lile bila kujua habari zake, na baadaye wakakiri kwamba aliwatangulia. Kwa njia hiyo iliundwa hata duara ya CERN, yenye kilometa 27, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa.

Tatu, elimu hii yaokoa watu. Katika hospitali za saratani mna mitambo midogo ya jamii hii: elektroni hukimbizwa, zikapiga kipande cha tungsteni, ikatoka miali ipenyayo mwilini hata penye uvimbe. Mtambo ukiharibika, na fundi hana budi kuletwa kutoka ng'ambo, mgonjwa hungoja, na ugonjwa wake haungoji. Je, hiyo ndiyo anasa?

Watatuuliza, fedha i wapi? Twajibu: Jordan si nchi ya utajiri mwingi, lakini mtambo wa SESAME ulifunguliwa huko mwaka 2017 kwa shirika la nchi kadha, hata zile zisizopatana, na Misri ya Afrika imo. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Basi, ndugu walimu, tusiziruke kurasa za umeme na sumaku kwa kisingizio kwamba si za kwetu. Mwenyezi Mungu hakuziandika sheria za viumbe vyake kwa lugha ya kabila moja. Nasi tuletewapo daftari na mtoto asiyejulikana, tulisome kwanza kabla ya kulitupa.