Mwanafunzi Aunde Kitufe Kabla ya Kukibonyeza

Tarehe 25 Julai 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, ikipitia Kilosa, mji ambao umeishi na reli tangu enzi ya Wajerumani. Kusini mwa wilaya hiyo hiyo, katika mji wa Mikumi, hupita mchana na usiku magari yaendayo Iringa na Zambia, na mengi kati yake yana injini zinazoongozwa na kompyuta. Hivyo kijana wa Kilosa amezungukwa na mashine zinazotii vitufe. Swali linalowapasa walimu ni hili: je, shule inamwandaa awe mbonyezaji tu, au mtu ajuaye sababu ya mashine kutii?

Mara nyingi somo la kompyuta huanza kwa kukariri majina ya sehemu zake. Ingefaa lianze kwa kazi ya mikono: kuunda kibao kidogo chenye vitufe 12 pamoja na kirungu cha kuzungusha, kama kile cha kuongezea sauti ya redio.

Kitufe ni swichi. Kikibonyezwa, mkondo wa umeme hupita, kikiachwa, hukatika. Vitufe 12 vikipangwa katika mistari 3 na safu 4, huhitaji nyaya 7 tu kufika kwenye maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo iliyomo ndani ya kipande kimoja cha silikoni. Kompyuta hiyo hupeleka umeme katika kila mstari kwa zamu, huku ikitazama ni safu ipi iliyoitika. Diodi moja katika kila kitufe huuzuia umeme usirudi nyuma na kuonyesha kitufe ambacho hakikubonyezwa. Aidha, vyuma vya swichi hudundadunda kwa milisekunde chache kabla ya kutulia. Programu isipoamriwa kungoja, herufi moja huandikwa mara mbili. Ndani ya kirungu mna swichi mbili zinazopishana: ya kwanza ikitangulia kufunga, kompyuta hujua kwamba kimezungushwa kulia, ya pili ikitangulia, kushoto.

Fundisho kubwa zaidi limo katika programu. Kitufe hupeleka namba kwenye kompyuta wala hakipeleki herufi. Kwa utaratibu wa USB, a ni 4, g ni 10, n ni 17, na alama ya ' ni 52. Mwanafunzi wa Mikumi aweza kukiamuru kitufe kimoja kipeleke 17, 10 na 52 kwa mfululizo, naye akapata ng' kwa bonyezo moja. Jambo hili si mchezo, kwani ng'oa ni kutoa mti pamoja na mizizi yake, ilhali ngoa ni wivu. Vibao vya kompyuta vitumikavyo leo vimerithi mpangilio wa mashine za kupiga chapa zilizoanza kuuzwa na Remington huko Marekani mwaka 1874, na waliozipanga hawakukiwaza Kiswahili. Nacho kirungu chaweza kuamriwa kikuze maandishi kwa ajili ya mwanafunzi mwenye uoni hafifu. Anayeiandika programu ndiye anayeamua.

Watakuwapo watakaosema kwamba vifaa ni ghali na vyatoka ng'ambo, na kwamba ni rahisi zaidi kununua kibao kilichokwisha kuundwa. Ni kweli kwamba maikrokontrola haina budi kuagizwa. Hata hivyo, Raspberry Pi Pico ilipotolewa Januari 2021, bei yake ilikuwa dola 4 za Marekani, kabla ya gharama za usafiri na ushuru, na moja hutosha kundi zima la wanafunzi. Swichi, diodi na nyaya hupatikana ndani ya redio na kompyuta mbovu, na kasha laweza kutengenezwa kwa mbao. Shule isiyo na vyombo vya kulehemu yaweza kuomba msaada wa chuo cha VETA kilichopo Mikumi. Kibao cha dukani kitaandika herufi vizuri, lakini siku kitakapoharibika kitatupwa, kwa kuwa hakuna shuleni aijuaye njia ya umeme ndani yake.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, alitaka masomo na kazi visitengane. Diodi inayochorwa ubaoni katika somo la fizikia bila kuguswa na mkono wa mwanafunzi ni mfano wa utengano huo.

Basi kila shule ya sekondari ya Kilosa na Mikumi na iunde walau kibao kimoja. Kikisha kufanya kazi, mwalimu aigeuze diodi moja kwa siri, kisha awakabidhi wanafunzi wa mwaka unaofuata waitafute hitilafu. Watakaoipata watakuwa wameijua kompyuta kuliko waliokariri majina ya sehemu zake zote.