Kabla ya kununua dawa ya kupe, mjue kupe mwenyewe

Tuambiane ukweli. Vijana wa mjini tunaweza kutofautisha simu mbili kwa kuangalia kamera tu, lakini tukiwekewa kupe watatu tofauti mezani jibu letu ni moja: "Hao ni kupe." Basi. Kisha tunatuma M-Pesa ushago, mtu anaenda agroveti, anauziwa chupa ya kwanza kwenye rafu, ng'ombe ananyunyiziwa. Wiki mbili baadaye simu inalia: ng'ombe amelala na hataki kuamka.

Mimi nasema hivi: kumtambua kupe si kazi ya daktari wa mifugo peke yake. Ni kazi ya kila anayefuga, awe na ng'ombe kwao Kericho, mbwa kwenye ploti Kayole au kuku kumi juu ya paa. Ukinunua dawa bila kumjua mdudu, unacheza bahati nasibu na uhai wa mnyama.

Tuanze na miguu. Kiroboto ana sita, chawa ana sita. Kupe mzima ana minane, kwa sababu ni jamaa ya buibui. Kupe aliyetoka tu kwenye yai ndiye huwa na sita, na huyo ni mdogo sana. Niliacha chuo kabla ya kumaliza na bado najua kuhesabu mpaka nane. Hata wewe unaweza.

Sasa kwa ng'ombe. Yuko kupe wa kahawia, hana madoadoa, na akiwa mzima makao yake makuu ni ndani ya sikio. Huyo ndiye anayeeneza ndigana kali, ile ambayo wengi wanaijua kama ECF. Akishamng'ata ng'ombe, vimelea vilivyo kwenye mate yake huhitaji siku kadhaa kukomaa kabla ya kuambukiza. Ina maana ukikagua masikio kila siku na kumtoa mapema, unaweza kuokoa ndama. Lakini angalia watu wakinyunyizia: mgongo unalowa, tumbo linalowa, sikio linabaki kavu. Kupe anakaa humo kama mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka.

Yuko pia kupe wa buluu. Jike lake likishiba damu hufanana na punje ya maharagwe ya rangi ya kijivu-buluu. Utamkuta ubavuni, shingoni na tumboni. Yeye huleta ndigana baridi na ule ugonjwa wa ng'ombe kukojoa mkojo mwekundu. Kuna chanjo ya ndigana kali iliyotokana na utafiti uliofanywa Muguga, Kiambu, na ni nzuri, lakini haizuii magonjwa haya mawili. Mtu anachanja, anatulia, halafu anasema chanjo ni feki. Chanjo haina makosa hapo. Kupe ndiye alikuwa mwingine.

Wa tatu ni mkubwa, ana mdomo mrefu, na miguu yake ina pete nyeupe kama aliyevaa bangili. Anapenda kiwele na kinena. Huleta ugonjwa wa moyo kujaa maji, unaoua ng'ombe, mbuzi na kondoo, na kidonda anachoacha kinaweza kuharibu chuchu kabisa.

Rudi mjini sasa. Kupe wa mbwa ana tabia moja ya ajabu: anaweza kuishi maisha yake yote ndani ya nyumba. Jike akishiba hushuka, hupanda ukuta, huingia kwenye ufa na kutaga mayai kwa maelfu. Ukimwosha mbwa kila Jumamosi na kuacha kibanda na nyufa za ukuta, unafuga kupe, mbwa ni chakula chao tu. Na tafadhali, usimpake paka dawa ya mbwa. Dawa nyingi za mbwa zina permethrin, na hiyo inaua paka.

Kwa kuku, hadithi ni hiyo hiyo. Utitiri mwekundu hunyonya damu usiku, na mchana hujificha kwenye nyufa za mbao wanazolalia kuku. Unamkagua kuku saa sita mchana, huoni kitu, unashangaa mbona mayai yamepungua. Nenda usiku na tochi. Ukiona vitu vidogo vyekundu vikitembea kwenye mbao, ujue kumpaka kuku dawa peke yake hakutoshi. Shughulikia banda.

Najua kuna atakayesema, "Si ndiyo maana tuna madaktari?" Kweli, na kuna mahali jicho letu linafika mwisho. Utitiri wa upele unaochimba ngozi ya mbwa hauonekani kwa macho. Lazima daktari akwangue ngozi na kuangalia kwa darubini. Lakini daktari huitwa mara moja moja. Anayemwona mnyama kila siku ni wewe, au ndugu yako uliyemwachia.

Wauza dawa nao wajirekebishe. Kabla ya kuuza, uliza maswali mawili: ni mnyama gani, na umemtoa wapi mwilini? Kuuza dawa ile ile mwaka baada ya mwaka, tena inayochanganywa na maji mengi ili idumu, ndiko kunakozalisha kupe sugu. Kupe wa buluu huwa sugu haraka kwa sababu vizazi vyake hufuatana upesi.

Kwa hivyo safari ijayo ukituma pesa ya dawa, omba picha kwanza. Mwambie ndugu yako amshike kupe karibu na ngozi kwa kibano, amvute moja kwa moja bila mafuta ya taa wala moto, amweke kando ya sarafu ya shilingi na apige picha. Kisha amtie kwenye chupa yenye spiriti ampelekee daktari. Picha haigharimu kitu. Ng'ombe wa maziwa unajua bei yake.