Benchi la bibi wa Harare na pengo la bajeti ya afya ya akili

TAKWIMU zilizotolewa na Shirika la Afya Duniani (WHO) mwezi Septemba 2025 zinaonyesha kuwa nchi tajiri hutumia hadi dola 65 za Marekani kwa kila mkazi katika huduma za afya ya akili. Katika nchi maskini kiasi hicho hushuka hadi senti nne. Kwa fedha za Tanzania, hiyo ni pungufu ya nauli ya daladala.

Matokeo yake yanaeleweka. Katika nchi za kipato cha chini, wagonjwa wanaofikiwa na huduma hawazidi mmoja kati ya kumi; katika nchi tajiri ni zaidi ya nusu. Wengi wa waliobaki huishia kwa waganga wa jadi, katika nyumba za maombi, au hufungiwa ndani na ndugu zao wenyewe.

Zimbabwe ni miongoni mwa nchi chache zilizotafuta njia nyingine. Mwaka 2005, daktari bingwa wa magonjwa ya akili, Dk. Dixon Chibanda, alimpoteza mgonjwa wake aliyejiua. Binti huyo alikuwa arudi hospitali, lakini familia yake, iliyoishi mbali na Harare, ilikosa nauli ya basi ya dola 15.

Mwaka huohuo serikali ilikuwa imeendesha Operesheni Murambatsvina, bomoabomoa ambayo Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa iliwaacha watu 700,000 bila makazi au bila riziki. Mbare, kitongoji kikongwe cha Harare, kilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoathirika. Nchi nzima ilikuwa na madaktari bingwa wa akili wapatao kumi tu. Dk. Chibanda alipoomba msaada wa kuanzisha huduma huko mwaka 2006, hakupewa fedha, wauguzi wala chumba. Alipewa bibi 14 waliokuwa wahudumu wa afya wa jamii, pamoja na uwanja wa nje ya zahanati.

Hivyo ndivyo lilivyozaliwa benchi la mbao chini ya mti. Awali liliitwa Benchi la Afya ya Akili, na watu wakalikwepa. Bibi hao ndio waliomweleza daktari kuwa hakuna atakayekaa hapo kwa jina hilo. Likabadilishwa kuwa Chigaro Chekupanamazano, yaani kiti cha kupeana ushauri. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu juu ya hekima hiyo: katika miji ya Afrika Mashariki, majina ya Mirembe, Mathari na Kidongo Chekundu yamegeuzwa matusi ya mitaani.

Lugha ya tiba nayo ilitoka kwa wenyeji. Badala ya sonona, bibi huzungumzia “kufungisisa”, neno la Kishona lenye maana ya kuwaza kupita kiasi, lisilo mbali na usemi wa Waswahili kwamba mtu “ana mawazo”. Mgonjwa huulizwa maswali 14 ya ndiyo au hapana. Akionekana kuelemewa, huketi na bibi hadi mara sita. Hataulizwa habari za utotoni kama inavyoonekana katika sinema. Ataorodhesha matatizo yake, kodi ya nyumba, mume mlevi, dawa za VVU, kisha atachagua moja na kutafuta hatua anayoiweza.

Wenye shaka walijibiwa mwaka 2016, pale utafiti uliofanyika katika zahanati 24 za Harare, ukihusisha watu 573, ulipochapishwa katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani. Baada ya miezi sita, waliopata huduma ya benchi na kubaki na dalili za sonona walikuwa asilimia 13.7, ikilinganishwa na asilimia 49.9 ya waliopata huduma ya kawaida. Dawa chache zinaweza kujivunia tofauti ya namna hiyo. Tangu hapo mpango huo umefika Malawi na Zanzibar.

Hata hivyo, sifa hizo zinaweza kuwa mtego. Benchi ni nafuu, na kwa wizara isiyo na fedha, neno nafuu husikika kama bure. Wanaolisifu katika mikutano ya kimataifa aghalabu husahau kwamba bibi wa Harare hawakuokotwa njiani. Walikuwa wahudumu wa halmashauri ya jiji, idara yake ya afya ikiwa na wahudumu wa aina hiyo tangu miaka ya 1980. Utafiti ulifanyika ndani ya zahanati zilizokuwapo, zenye wauguzi na wasimamizi. Nchi itakayochukua benchi na kuacha mfumo huo itakuwa imechukua mbao tu.

Aidha, benchi linatibu magonjwa ya kawaida: sonona na wasiwasi. Anayesikia sauti zisizokuwapo anahitaji dawa, tena kwa miaka. Anayeonyesha dalili za kutaka kujiua huondolewa mikononi mwa bibi na kupelekwa kwa msimamizi, na ikibidi kwa daktari bingwa. Kadiri bibi wanavyowagundua wagonjwa wa aina hii, ndivyo rufaa zinavyoongezeka kuelekea hospitali zilezile zenye upungufu wa dawa na wataalamu.

Rufaa hiyo ina gharama, na yule binti wa mwaka 2005 hakukosa mtu wa kumsikiliza. Daktari wake alikuwa akimsubiri. Mgonjwa wa kijijini anayepewa barua ya rufaa leo bado anatakiwa kufika mjini. Katika bajeti ya senti nne kwa kila mkazi, nauli yake haimo.